Mdogo wangu ameshalipa, na gari linakula oili

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Tabata, Dar es Salaam, na mke na watoto watatu. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2006, cc 1500, otomatiki. Niliagiza likiwa mtumba mwaka 2015 na limenihudumia vizuri. Miezi miwili iliyopita nilikubaliana na mdogo wangu wa kike, mwalimu huko Iringa, nimuuzie kwa shilingi milioni 8. Ameshanitumia milioni 5 alizokopa. Fedha hiyo haipo tena: nimelipa ada ya binti yangu na kuezeka upya nyumba ya mama. Shule zikifungwa anakuja kulichukua.

Shida ni kwamba gari linakula oili. Nikimwaga oili leo, baada ya kilomita 1,000 kijiti kinasoma karibu na alama ya chini, naongeza lita nzima. Asubuhi nikiliwasha linatoa moshi wa bluu kwa dakika moja hivi, kisha moshi unakata. Makosa ni yangu. Stika ya gereji iliandikwa kilomita 5,000, mimi nikawa namwaga oili kila 10,000, na safari nyingine niliacha filta ileile. Rejeta naijaza maji ya bomba tangu kulenti iliyokuja na gari ilipoisha. Mwaka 2019 lilichemsha, fundi akatoa themostati, na mpaka leo halina.

Kuna la pili. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukinga watu gari linapogonga, iliwaka kama miaka miwili iliyopita ikakataa kuzima. Fundi akafungua dashibodi akatoa kitaa chenyewe. La tatu nimelijua juzi tu. Jirani yangu anayeagiza magari aliingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji kule Japani, ikaonyesha gari hili liliitwa lirudishwe kubadilishwa eabegi ya abiria wa mbele, na kazi hiyo haijawahi kufanyika. Nadhani ndiyo iliyowasha ile taa. Jirani anasema huku kwetu mambo hayo hayafanyiki, nisahau.

Fundi ameniambia tuweke oili nzito, 20W-50, na chupa ya dawa ya kuzuia moshi, kisha aoshe injini ing'ae. "Dada yako atamaliza mwaka hajajua, na akijua atasema limeharibikia kwake." Kaka yetu mkubwa anasema mtumba ni mtumba, kila anayenunua anajua. Mke wangu hasemi kitu, ila nikilitaja gari anainuka na kwenda jikoni. Mama naye anafurahi kwamba gari linabaki kwenye familia.

Mdogo wangu ana watoto wawili, wa miaka 4 na 7, na yule mkubwa anapenda kukaa mbele. Nikisema, ataona nilitaka kumtapeli, na fedha ya kumrudishia sina. Nikinyamaza, sijui nitalalaje. Nifanyeje?

Kaka wa Tabata

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu wa Tabata, pole kwa mzigo huo. Umetutajia kilomita ulizopitiliza, filta uliyoiacha na kitaa kilichotolewa, mambo ambayo hakuna aliyekuuliza. Aliyekwisha kuamua kumdanganya dada yake haandiki barua ya namna hii. Kwa hiyo tunakujibu kama mtu anayetafuta njia ya kutoka.

Tukikuelewa vizuri, umechukua fedha ya mdogo wako, umeitumia kwa mambo ya lazima, na sasa unaona kitu unachomkabidhi hakilingani na alichodhani ananunua. Unaogopa kumpoteza ukisema, unaogopa kumdhuru ukinyamaza. Ila umeyafunga mambo matatu kwenye furushi moja, ndiyo maana linakuelemea: injini inayokula oili, taa ya eabegi, na ule wito wa mtengenezaji. Kila moja lina uzito wake, na kila moja lina fundi wake.

Tuanze na taa, maana hapo tunadhani umepotea kidogo. Eabegi iliyoitwa kiwandani kwa kawaida haiwashi taa. Ubovu wake umo ndani ya kopo la baruti, na kompyuta ya gari haina macho ya kuona baruti iliyochakaa. Inachopima ni nyaya na viunganishi. Kwa hiyo kilichowasha taa yako kuna uwezekano mkubwa ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi ni kitu kidogo. Chungulia chini ya viti vya mbele: kuna viunganishi vya rangi ya manjano, vya mikanda na vya eabegi za pembeni kwa magari yaliyo nazo, na hulegea viti vinaposukumwa wakati wa kuosha gari. Kingine kinachokufa sana ni ule utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani. Kama honi nayo inakatikakatika unapokata kona, uanzie huko. Kuisoma kasoro hiyo kunahitaji mashine inayofungua mfumo wa eabegi. Vile vifaa vya bei ndogo vinavyosoma taa ya injini mara nyingi haviufikii.

Uzito wa jambo hili uko hapa. Kompyuta ikiona kasoro inaweza kuuzima mfumo wote, pamoja na eabegi ya dereva na vile vikaza-mkanda vinavyomvuta mtu kwenye kiti gari linapogonga. Kwa hiyo huenda kwa miaka miwili umeendesha bila kinga yoyote zaidi ya mkanda mtupu, na kitaa ambacho kingekukumbusha kila asubuhi kimo kwenye droo ya fundi. Kwenye gari lisilo na kasoro, ukifungua swichi, taa ya eabegi huwaka kwa sekunde kama 6 kisha huzima. Isipowaka kabisa, mtu ameichezea. Mafundi wengine huiunganisha na taa nyingine ili ziwake na kuzima pamoja, basi mwambie fundi wako ukweli kuhusu kilichofanyika hapo nyuma, asije akahangaika na gari lililofichwa dalili.

Sasa wito wenyewe. Kwa mwaka na upande ulioutaja, inaelekea sana ni zile eabegi za Takata, kampuni ya Kijapani iliyouza vifaa hivyo kwa watengenezaji wengi wa magari duniani. Magari ya kwanza yaliitwa 2008, kisha orodha ikaongezeka mwaka hadi mwaka hadi kufikia vifaa vipatavyo milioni 100 duniani kote, na Takata yenyewe ikafilisika Juni 2017. Chanzo ni amonia naitreti iliyotumika kama baruti ya kuijaza eabegi. Ikikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu hufyonza maji, vidonge vyake hupasuka na kuwa unga, na unga huwaka kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Kopo la chuma haliwezi kuhimili, linapasuka, vipande vinamrukia aliyekaa mbele yake. Marekani peke yake zaidi ya watu 25 wamekufa hivyo, baadhi katika ajali ambazo wangetoka na michubuko tu. Joto na unyevunyevu, ndugu yangu, ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam mwaka mzima. Baridi ya Iringa haitarudisha vidonge vilivyokwisha kusagika.

Jirani amekwambia usahau. Hapo tungekuomba usiishie kwake. Gari lililoagizwa mtumba halikupita kwa wakala wa hapa, na majibu wanayopewa wenye magari ya namna hiyo hutofautiana, lakini jibu lenyewe hulijui mpaka uulize. Nenda kwa wakala rasmi wa chapa ya gari lako, uwe na nakala ya kadi, picha ya kibati cha chesisi, na nakala iliyochapwa ya ule ukurasa wa Japani wenye namba ya wito. Uliza mambo matatu tu: je, wito huu kwenu uko wazi, kifaa kinapatikana lini, na nani analipa. Kwa utaratibu wa wito wa usalama mtengenezaji ndiye hubeba gharama. Wakikataa, omba wakuandikie. Ukiwa na karatasi una pa kuanzia kumwandikia mtengenezaji mwenyewe.

Kuna njia mbili za mkato utakazoambiwa, na zote zina hatari. Ya kwanza ni kununua eabegi ya mtumba kwenye maduka ya spea. Inaweza kuwa imetoka kwenye gari la orodha ileile, imezeeka vilevile. Ya pili ni kukata waya. Eabegi hulipuka kwa umeme mdogo sana, hata mita ya kupimia waya ikiguswa mahali pasipotakiwa inatosha. Fundi anayejua huchomoa kwanza nguzo hasi ya betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Na akiutenganisha upande wa abiria kienyeji, kompyuta itaona kasoro na inaweza kuuzima upande wa dereva pia. Wakati vifaa vilipoadimika, kuna watengenezaji waliozima eabegi ya abiria kwa muda, lakini walibandika onyo kwamba kiti hicho kisikaliwe na mtu. Hilo la kiti halihitaji fedha wala fundi. Kiti cha mbele kibaki kitupu, watoto wakae nyuma na mikanda. Na mtoto wa miaka 7 mahali pake ni nyuma hata kwenye gari lisilo na wito wowote.

Tuje kwenye injini, ambako tunadhani umejihukumu mapema. Unaliita gari bovu, lakini hujalipima. Baadhi ya vitabu vya magari haya huandika kwamba matumizi ya hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 bado yako ndani ya mpaka. Sisi tusingejivunia injini ya namna hiyo, ila uko kwenye ukingo wa mpaka, hujauvuka kwa mbali. Na zipo injini zilizotoka kiwandani na udhaifu huo: Toyota ilikiri tatizo la kula oili kwenye baadhi ya injini zake za cc 2400 aina ya 2AZ-FE, ikaongeza dhamana yake Marekani. Hilo halikuwa wito wa usalama, lilikuwa suala la uimara. Hayo mawili watu huyachanganya sana.

Moshi wa asubuhi unaokata baada ya dakika moja ni dalili ya sili za valvu. Oili inanyonyoka usiku kuingia silinda, unapowasha inaungua yote, basi. Sili hizo ni vipande vya mpira, na kwa fundi anayejua zinabadilishwa bila kushusha silinda hedi. Ila sili peke yake ni nadra kumaliza lita nzima kwa kilomita 1,000. Huenda ringi za oili kwenye pistoni nazo zimeganda kwa masizi, na hapo ndipo zile kilomita 10,000 bila kubadilisha filta zinaingia. Oili iliyochoka huacha utando mweusi unaoziba vitundu vya kurudishia oili nyuma ya ringi, na ringi iliyokwama haipangusi tena ukuta wa silinda.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote kushusha injini, fanya kazi ya wiki mbili. Simamisha gari mahali pa tambarare likiwa limepata moto, zima, subiri dakika 5 au zaidi. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena usome. Jaza mpaka alama ya juu na uandike namba ya kilomita. Rudia kila kilomita 250, ukiongeza kwa kikombe chenye vipimo. Namba hiyo ina thamani kuliko maneno ya fundi yeyote. Tazama pia valvu ndogo ya kupumulia injini, PCV: itoe, itikise sikioni. Ikigonga kama njuga, ni nzima. Ikiwa kimya, imeziba na inasukuma oili mahali isipotakiwa, nayo ni spea ya bei ndogo. Tandika karatasi nyeupe chini ya gari usiku, maana kuna injini zinazosingiziwa kula oili kumbe zinavuja kwenye sili ya nyuma ya krenki.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe na moto, plagi zote nje, mafuta yakatwe, pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka chini, kila silinda ipewe mizunguko ileile. Tofauti kati ya silinda na silinda inasema zaidi kuliko namba moja moja. Silinda iliyo chini imwagiwe kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Jambo ambalo mafundi wengi huliruka ni kwamba kompresheni inaweza kusoma vizuri kabisa na gari likaendelea kula oili, kwa sababu ringi za juu ndizo zinazoshika mgandamizo, na zilizoganda ni za chini. Plagi zitakuonyesha: ile iliyolowa au yenye ukoko mweusi ndiyo silinda yenye kesi.

Na ile 20W-50? Yenyewe si sumu. Kwa nchi za joto, vitabu vingi vya magari ya umri huo huiruhusu. Hasara yake ni kwamba asubuhi huchelewa kufika juu kwenye hedi, na kama injini yako ina valvu zinazobadilisha muda wa kufunguka kwa nguvu ya oili, vijia vyake ni vyembamba, havifurahii uzito huo. Angalia kitabu cha gari lako. Oili nzito inayowekwa kwa uwazi, mnunuzi akijua, ni uamuzi wa kiufundi. Oili hiyohiyo ikiwekwa ili mtu asione moshi wakati wa kukabidhiana, ni jambo jingine, nawe umeshalijua, ndiyo maana hukumjibu fundi ndiyo.

Fikiria safari yenyewe. Dar hadi Iringa ni karibu kilomita 500. Mdogo wako akija na kurudi mara moja amemaliza lita 1, yaani kijiti kimetoka alama ya juu mpaka ya chini, na injini ya ukubwa huo inabeba lita 3 na nusu hadi 4 tu. Asiyejua kwamba kijiti hicho kinatazamwa kila wiki atangoja taa nyekundu ya oili, na ile huwaka presha ikiwa imeshaanguka, wakati beringi zimeshaanza kusagana. Na kabla ya kufika kwake, akishapita Ruaha Mbuyuni, kuna mlima wa Kitonga. Gari lenye maji ya bomba lina kutu na magadi ndani ya mirija ya rejeta, na mteremko wa Tabata haujawahi kulijaribu kama mlima ule ukiwa nyuma ya lori, gia ya kwanza, feni inalia. Kwa hiyo lolote utakaloamua, hili la kupoza injini ni kazi ya siku moja: safisha rejeta na njia za maji, rudisha themostati (bila hiyo injini inachelewa kupata moto, inakunywa petroli zaidi na oili inabeba unyevu), badilisha mfuniko wa rejeta, jaza kulenti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi.

Sasa kuhusu ninyi wawili. Kaka yenu ana hoja: anayenunua gari la mwaka 2006 anakubali uchakavu. Ila anachokubali ni uchakavu anaoweza kuuona au kuuliza. Kitaa kilichotolewa kimeondoa hata nafasi yake ya kuuliza. Umesema pia kwamba ukisema ataona ulitaka kumtapeli. Je, umewahi kumkosea kwa namna hiyo, au unamsomea moyo? Wito umeujua juzi, na gari bado liko kwako.

Njia ziko kadhaa. Unaweza kumweleza yote sasa na kupunguza bei kwa gharama iliyoandikwa na fundi, ile milioni 3 iliyobaki ikawa ndiyo fungu la matengenezo. Hatari yake ni kwamba fundi akifungua injini anaweza kukuta zaidi ya mlichokadiria, basi mkubaliane mapema nani atabeba ziada. Unaweza kutengeneza kwanza, ukabidhi baadaye; hapo unahitaji muda na fedha, naye anaendelea kulipa mkopo bila gari. Ukiamua kuweka injini nyingine ya mtumba, kumbuka namba ya injini imo kwenye kadi, mabadiliko yapelekwe TRA, na hiyo mpya nayo ipimwe kompresheni kabla ya kulipia. Mnaweza kuvunja makubaliano ukamrudishia kidogo kidogo kwa maandishi. Hilo linalinda usalama wake lakini linamwacha na deni, na mama atauliza. Au uliuze nje kwa mtu baki. Wengi hukimbilia hapo. Tunakuomba tu ujiulize kama kiti cha mbele kina hatari ndogo akikaa mtoto wa mwingine.

Ipi inakufaa hatuwezi kujua, maana mwenye kuchagua si wewe peke yako. Huenda yeye anataka gari la kwenda shuleni na sokoni tu, kilomita 20 kwa siku, na kijiti cha oili hakimsumbui. Huenda analihitaji kwa safari ndefu, na hapo hesabu inabadilika yote. Hujamuuliza.

Kama maneno ndiyo magumu, yapunguze. Mpigie jioni watoto wakiwa wamelala: "Mdogo wangu, kabla hujaja kuna mambo matatu ya gari nataka uyajue, na nimeyaandika." Kisha umtumie karatasi: namba za oili kila kilomita 250, ukurasa wa wito, msomo wa taa ya eabegi. Usianze na ada wala mabati ya mama, atadhani unamwomba huruma. Akinyamaza, mwache anyamaze. Na mkeo akiinuka kwenda jikoni safari hii, mfuate umwonyeshe karatasi hiyo kabla hujaituma.

Ukishapima, tuandikie kompresheni ilisoma ngapi silinda moja moja, na kama ile PCV ilipiga njuga.